Tundu Limegoma: Kutafuta Kosa Ukutani, Mbaoni, Kwenye Chuma na Kwenye Tufe la Bouling

Mtu akishindwa kutoboa ukuta, lawama ya kwanza huiangukia drili. Mashine haina nguvu, biti za siku hizi ni bandia, aliyejenga alizidisha saruji. Mara mojamoja huwa kweli. Lakini nyumba za Mombasa ni mchanganyiko: katika fleti moja ya mtaa wa Tudor utakuta kuta za tumbawe, nguzo za zege, tailsi za porseleni bafuni, dari ya jipsamu na mlango wa mvule, na kila kimoja kina biti yake na mwendo wake. Kabla hujarudi dukani kugombana na muuzaji, tazama kinachotoka ndani ya tundu. Ukuta hutoa unga, chuma hutoa chenga, mbao hutoa nyuzi, plastiki hutoa utepe. Kikibadilika ghafla au kikikoma, hapo ndipo pa kutafuta kosa.

Rangi ya unga

Unga mweupe au wa rangi ya samli, laini, unaomwagika kwa wingi: uko ndani ya tumbawe au lipu ya chokaa. Unga wa kijivu ni saruji au zege. Kijivu kikigeuka cheupe baada ya sentimita mbili hivi, umemaliza lipu na sasa umeingia kwenye jiwe. Ndivyo zilivyo kuta nyingi za hapa. Wekundu ni tofali la kuchoma, au ni mwili wa udongo wa tailsi ya kauri. Unga uliolowa na kugandamana kwenye biti ni onyo: ukuta una unyevu, au paipu la maji liko karibu.

Unga ukikoma kabisa ilhali mashine inazunguka, umegonga kitu. Zikitoka chenga zinazong'aa, ni nondo. Vikitoka vipande vya plastiki, acha papo hapo, zima swichi kuu, kisha ndiyo uchungulie, kwani huenda umeingia kwenye paipu la nyaya, na umeme wa nyumbani ni volti 240. Nyaya za ukutani kwa kawaida hupanda au kushuka wima kutoka kwenye swichi na soketi. Usitoboe juu wala chini ya swichi kwa mstari wake hata kama ndipo picha ya harusi inapopendeza.

Biti inazunguka, tundu haliongezeki

Anza na jambo la aibu: kitufe cha mwelekeo. Drili iliyoachwa kwenye mwendo wa kufungulia skrubu itasugua ukuta mpaka ncha ya biti igeuke buluu. Mafundi wazoefu nao hunaswa na hili, ila hawalisemi mbele ya mwenye nyumba.

Kisha tazama ncha. Biti ya ukuta ina kipande cha kabaidi kilichochomelewa kichwani, kipana kidogo kuliko shina lake. Biti ya chuma ni chuma kilekile mpaka mwisho, na imechongwa kwa pembe ya digrii 118 au 135. Biti ya mbao ina kimwiba katikati. Biti ya chuma ikitiwa kwenye zege hufa makali kwa sekunde chache, na baada ya hapo haifai hata kwa chuma. Biti ya ukuta ikitiwa kwenye chuma husugua tu, kwa sababu haikunolewa ikate, iliundwa iponde.

Tatu ni mpigo. Zege halitobolewi kwa kuzungusha peke yake. Drili ya kawaida yenye alama ya nyundo hupiga kwa visahani viwili vyenye meno yanayorukiana ndani, kwa hiyo lazima uiegemee; ukiilegeza haipigi. Mashine ya SDS, mfumo ambao kampuni ya Bosch iliuleta mwaka 1975, ina pistoni inayoipiga biti yenyewe, na ukiikandamiza sana unaizuia kufanya kazi yake. Watu huhamisha tabia ya mashine ya kwanza kwenye ya pili. Ukimwona mtu ameazima SDS na anaisukuma kwa kifua huku jasho linamtiririka, mwambie ailegeze, itaingia.

Nne ni nondo. Kwenye nguzo na linta huanza kama sentimita mbili na nusu hadi nne ndani. Sauti hubadilika kutoka ngurumo kuwa mlio mkali, na unga unakatika. Dawa ni kusogea sentimita tatu pembeni, au kuridhika na tundu fupi ikiwa mzigo ni mdogo. Kuikata nondo ya nguzo ili rafu ikae pale pale ulipotaka ni kuuza nyumba kwa bei ya rafu.

Na kama mashine yenyewe imelegea, usiruke kwenye kuinunua nyingine. Fuata waya wa ekstensheni. Waya mrefu na mwembamba, hasa uliobaki umezungushwa kwenye gurudumu lake, hupunguza volti na hupata joto. Mota inanyong'onyea na kunuka. Ukunjue wote au tumia mfupi na mnene. Cheche nyingi kwenye matundu ya hewa ya mashine ni dalili ya kaboni (brashi za mota) zilizokwisha, na kaboni hubadilishwa kwa bei ndogo. Biti ikizunguka ndani ya taya badala ya kuzunguka nazo, kaza kwa ufunguo kwenye matundu yote matatu ya kichwa cha drili, si moja tu. Na shina la SDS lenye mifereji halishikwi sawasawa na taya za kawaida, hata ukaze vipi.

Tundu limekuwa pana, plagi inazunguka na skrubu

Hili ndilo tatizo la Mombasa hasa: plagi, kile kibomba cha plastiki kinachoshika skrubu ukutani, haikamati. Tumbawe si zege. Ni jiwe lililojengwa na viumbe wa baharini, lina vinyweleo, mapango madogo na mahali pagumu karibu na mahali laini. Kwenye kuta nene za Mji wa Kale, vipande vya tumbawe vimelazwa ndani ya udongo wa chokaa, kwa hiyo matundu mawili yanayokaribiana yanaweza kukupa majibu mawili: moja limekamata jiwe, la pili limeanguka kwenye chokaa inayomomonyoka kama biskuti ya jana. Nyumba mpya hutumia matofali ya tumbawe yaliyokatwa kwa mashine machimboni, na hayo yana afadhali, lakini bado ni laini kuliko saruji iliyoyapaka.

Sababu ya kwanza ya tundu pana ni mpigo wa nyundo. Ulihitaji nyundo kupita lipu ya saruji, ukaiacha iendelee ndani ya jiwe laini, na kila pigo likang'oa kingo. Zima nyundo unga ukigeuka mweupe. Umalize kwa kuzungusha tu, mkono ukiwa umenyooka. Drili inayoyumba hutoboa faneli.

Sababu ya pili ni kufuata kipimo cha kwenye pakiti. Plagi ya ukutani ya milimita 8 inaandikiwa biti ya milimita 8, na kwenye zege ni sawa kabisa. Kwenye tumbawe jaribu biti ya 7, hata ya 6.5, uigonge plagi iingie kwa ubishi. Plagi iwe ndefu ili ipite lipu na kushika jiwe. Plagi fupi inayoishia kwenye lipu itabeba saa ya ukutani, lakini haitabeba kabati la vyombo. Toboa kina kizidi urefu wa plagi kwa sentimita moja, maana unga hujaa mwishoni. Bandika tepu kwenye biti uwe na alama ya kina. Kisha toa unga: pampu ya baiskeli yenye mpira mwembamba hufanya kazi hiyo vizuri kuliko kupuliza kwa mdomo, na macho yako hayatakulaumu.

Ikiwa tundu limeshaharibika, una njia tatu, na zote ni nzuri kwa mahali pake. Kwa mzigo mwepesi, jaza udongo wa kujengea, uache ukauke sawasawa, utoboe upya. Kwenye ukuta wa zamani wa chokaa jaza kwa chokaa, si kwa saruji tupu, kwa kuwa saruji ni ngumu mno kwa ukuta ule na hufungia unyevu ndani. Kwa mzigo wa kati kuna kabari ya mbao, dawa ya maseremala wa kale: chonga kipande cha mbao ngumu iliyokauka, kipana kidogo kuliko tundu, ukigonge mpaka kiwe sawa na ukuta, halafu utie skrubu ndani yake. Neno la kuzingatia ni iliyokauka. Mbao mbichi itanywea na kabari itadondoka na kabati. Kwa mzigo mzito, kama hita ya maji au televisheni yenye mkono wa kuvutwa, tumia gundi ya rezini pamoja na kifuko chake cha wavu. Rezini huingia kwenye mapango ya tumbawe na kushikamana nayo, na hapo udhaifu wa jiwe unageuka kuwa msaada. Lakini isipopulizwa unga wote, rezini hushika unga tu, nao haujashika chochote.

Mji wa Kale ni eneo la hifadhi. Kutoboa ndani ya chumba chako ni jambo moja. Kutoboa sura ya nje, baraza au mlango wa nakshi ni jingine. Waulize kwanza watu wa hifadhi wa Makumbusho ya Taifa ya Kenya.

Kwenye dari ya jipsamu plagi ya kawaida haina la kushika, kwa maana nyuma ni hewa. Tafuta plagi ya kipepeo, ile inayofungua mbawa ikishapita, au ufuate mti ulioshikilia dari.

Skrubu ilishika, sasa inalia machozi ya kahawia

Tundu halina kosa hapa. Hewa ya bahari ina chumvi, na ukuta unaokunywa unyevu hupeleka chumvi hiyo hadi kwenye skrubu. Skrubu nyeusi za jipsamu ndizo za kwanza kufa, nazo ndizo zinazouzwa sana kwa kuwa ni rahisi. Kwa nje, na kwa nyumba zinazotazama bahari, nunua stenlesi ya daraja la 316. Daraja la 304 linafaa ndani.

Tailsi: biti inateleza, au tailsi imepasuka

Ncha ikicheza juu ya tailsi, tatizo ni kioo cha juu. Bandika tepu ya karatasi, weka alama, anza polepole bila nyundo. Nyundo haiwashwi mpaka umeivuka tailsi yote na unga umebadilika rangi. Hilo moja lingeokoa tailsi nyingi kuliko ushauri mwingine wowote ninaoujua.

Ncha ikigeuka nyekundu na tundu halisogei, basi hiyo si kauri ya kawaida, ni porseleni. Tazama kipande kilichobaki: kauri ina mwili mwekundu au mweupe wenye rangi juu tu, na biti yenye ncha ya mkuki huitoboa. Porseleni ni nzito na imebana sana, hainywi maji hata asilimia 0.5, na mkuki huishia hapo. Inataka biti ya almasi, ile yenye umbo la bomba. Ianze kwa kuilaza kama digrii 45 mpaka ikwaruze mwezi mwandamo, kisha uisimamishe taratibu huku inazunguka. Maji ni lazima. Sifongo iliyolowa ikikamuliwa juu ya tundu inatosha, na afadhali drili iwe ya betri, maana maji na waya wa umeme hawajawahi kuwa marafiki. Usisukume. Almasi haikati kwa nguvu; inasaga.

Tailsi iliyopasuka kutoka tundu hadi ukingoni ilitobolewa karibu mno na ukingo, au haikuwa na kitu nyuma. Igonge kwa kifundo cha kidole kabla ya kuanza. Ikitoa sauti ya debe tupu, hapo hapafai. Tundu likiangukia kwenye mstari wa udongo kati ya tailsi na tailsi, plagi ndogo hukaa na hakuna tailsi inayoumia.

Chuma: mlio, moshi, na tundu la pembe tatu

Chuma cha kawaida cha grili hutoa chenga ndefu zilizojikunja kama biti ni kali na mwendo ni wa wastani. Chenga zikiwa unga mweusi, biti ni butu. Zikitoka za buluu, mwendo umezidi. Kwa biti ya milimita 10, chuma laini hutaka takriban mizunguko 800 kwa dakika. Kwa ya milimita 5, mara mbili ya hapo. Kadiri biti inavyokuwa nene ndivyo inavyotaka kuzunguka polepole, na hapa ndipo wengi hukosea, wakidhani biti nene inataka kasi.

Stenlesi ina tabia yake. Ikisuguliwa bila kukatwa hujigeuza kuwa ngumu zaidi pale pale iliposuguliwa, na dakika moja ya kuzungusha bila kukandamiza hukujengea ngao ambayo biti ile ile haitaipita tena. Dalili: mlio mkali, doa linalong'aa, hakuna chenga. Mtu akipunguza nguvu kuihurumia biti huzidisha balaa. Tumia biti yenye kobalti, mizunguko kama 350 kwa milimita 10, mafuta, na ukandamize kwa uthabiti kuanzia mzunguko wa kwanza ili chenga zitoke mfululizo. Kama ngao imeshajengeka, geuza kipande utokee upande wa pili, au anza na biti kali ya kipimo kingine. Kwa sinki la stenlesi linalohitaji tundu la bomba la milimita 35, biti ya ngazi, ile inayopanuka hatua kwa hatua, ni bora kuliko kupanua kwa tupa mpaka magharibi.

Mabati huleta lalamiko jingine: tundu limetoka na pembe tatu. Si macho yako. Bati ni jembamba mno, ncha ya biti inatoka upande wa pili kabla kingo zake hazijashikwa, na biti inacheza ngoma. Libane bati kati ya vipande viwili vya mbao na uvitoboe vyote kwa pamoja, au tumia biti ya ngazi. Na usilishike bati kwa mkono. Biti ikilikamata wakati wa kutoka, bati huzunguka na makali yake.

Mbao

Mbao ikipasuka ulipotia skrubu karibu na mwisho wake, hukutoboa njia, au uliitoboa nyembamba mno. Tundu la njia liwe sawa na mwili wa skrubu bila meno. Waunda majahazi wa pwani hawakuwa na haja ya kuambiwa: msumari mrefu haukupigwa kabla keekee ya uta haijaufungulia njia.

Upande wa nyuma ukichanika, simama mara tu kimwiba cha biti kinapochungulia, geuza mbao, umalizie kutoka huko. Au bana kipande cha mbao mbovu nyuma.

Biti ikifa ghafla ndani ya mlango wa mvule, usimlaumu muuzaji. Mvule una tabia ya kufuga mawe: amana za kalisi zilizojificha ndani ya mti, ngumu kweli, na kwa nje huzioni. Unga ukigeuka kutoka hudhurungi kuwa mweupe ndani ya mbao, toa biti, sogea kidogo. Kwenye mlango wa zamani wenye nakshi, kufuli mpya isitobolewe kwenye mfaa, ule mti wa katikati, wala kwenye fremu iliyochongwa. Zungumza na seremala anayeijua milango hiyo.

Boriti za mikoko zilizobeba dari za nyumba kongwe ni ngumu na mviringo, kwa hiyo biti huteleza. Chimbia kituo kwa patasi au msumari kwanza. Na kama nyuzi zinazotoka ni laini kama pamba na zina vumbi la manjano, boriti hiyo imeliwa; usiipachike feni ya dari. Mbao za mnazi nazo zina siri: ngumu pembeni, laini moyoni. Skrubu iliyokamata moyo itang'oka.

Plastiki, kioo na kifuu

Tangi la maji: tundu limetobolewa, kiungio hakiingii, au kinaingia na kuvuja. Karibu kila mara ni kipimo. Kiungio cha robo tatu inchi hakina unene wa robo tatu ya inchi. Uzi wake wa nje una kama milimita 26.4, kwa hiyo tundu ni la 27. Cha nusu inchi ni kama 21, cha inchi moja ni kama 33. Pima uzi wenyewe, tumia msumeno wa duara kwa mwendo mdogo, na uondoe utepe uliobaki kwenye kingo kwa kisu, maana utepe huo ndio unaoinua mpira na kuvujisha. Toboa mahali tambarare; palipopinda mpira hautakaa hata ukaze namna gani.

Plastiki ikiyeyuka na kuganda kwenye biti, umekwenda kasi. Akriliki ikipasuka wakati wa kutoka, biti ilikuwa na makali ya chuma yanayouma mbele. Yapunguze kidogo kwa jiwe la kunolea, weka mbao chini, na pumzika mara kwa mara.

Kioo: tafuta muhuri pembeni kwanza. Kioo kilichoimarishwa kwa moto hakitobolewi kwa biti yoyote duniani, hulipuka punje punje. Cha kawaida hutobolewa kwa almasi na maji, bila haraka.

Kifuu cha nazi kwa upawa au vifungo: biti kali ya chuma, nazi yenyewe iwe imekauka, na kifuu kikae juu ya mchanga au kitambaa kilichokunjwa kisibiringike. Kifuu kibichi hupasuka.

Tufe la bouling

Swali huja hivi: mtu amepata tufe la mtumba la bouling, ule mchezo wa kuviringisha tufe ili kuangusha pini, au ndugu amelileta kutoka ng'ambo, vidole haviingii, na jirani ana drili. Jibu la kwanza ni kwamba drili ya mkononi haifai, na sababu si ubahili wa mafundi wa michezo. Tundu la kidole lenye mpira ndani hufika karibu milimita 25. Biti nene kiasi hicho, ikiuma ndani ya kitu cha mviringo chenye uzito unaoweza kufika pauni 16, yaani kilo 7.26, huzungusha tufe au mkono wako, chochote kilicho dhaifu. Isitoshe, tundu haliendi tu chini. Lina mwinamo uliopimwa kutoka kitovu cha tufe, na tofauti ya milimita tatu mkono unaihisi. Kazi hii hufanywa kwenye mashine iliyosimama, tufe likiwa limebanwa kwenye kishikio kinachoweza kulielekeza pande mbili.

Lakini unga husomeka hapa pia. Tufe la leo ni gamba la poliesta, yurethani au rezini, na ndani yake kuna kiini chenye umbo na uzito wake. Biti ikivuka gamba, chenga hubadilika rangi. Hilo ni la kawaida, si ishara ya kuharibu. Nukta ndogo ya rangi unayoiona juu ya tufe inaonyesha kichwa cha kiini kilipo, na matundu hupangwa kwa kuizingatia, kwa sababu ndiyo inayoamua tufe litapinda vipi njiani. Anayechagua mahali pa matundu kwa uzuri wa rangi anacheza bahati nasibu.

Kabla ya kutoboa upya, tafuta kosa lilipo, kwani mengi hutibika nyumbani bila mashine.

Kidole gumba kinakwama. Kwanza subiri. Joto la Mombasa na unyevu wake huvimbisha kidole, na tundu lililokaa vizuri asubuhi huwa dogo alasiri. Ndiyo sababu wachezaji hutia vipande vya tepu ndani ya tundu na kuviondoa kimoja kimoja kidole kinapovimba. Kama linakwama siku zote, zungushia msasa kwenye kijiti cha duara, sugua kwa mzunguko ulio sawa, jaribu kila baada ya dakika chache. Kingo zikikwaruza, zilainishe ziwe za mviringo. Ukuta wa ndani wa tundu ukiwa unang'aa kama umepakwa vanishi, aliyetoboa alikwenda kasi na gamba likayeyuka; msasa huo huo utaupa uso wa kushika.

Ngozi ya kifundo cha gumba imechubuka. Watu hudhani tundu ni dogo, wakalipanua, hali ikazidi. Mara nyingi ni kinyume chake: tundu ni kubwa, unalibana tufe lisianguke, kidole kinakunjika na kifundo kinasugua. Ongeza tepu.

Kiganja kinauma, mshipa umevutika. Hapo umbali kati ya tundu la gumba na ya vidole ni mrefu kuliko mkono wako, na hakuna tepu wala msasa wa kuurekebisha. Kwa mshiko wa kawaida, tia gumba mpaka mwisho, laza vidole juu ya matundu bila kuvinyoosha: mkunjo wa kifundo cha pili upite ukingo wa karibu wa tundu kwa kama milimita 6. Usipofika, tufe ni la mkono mkubwa kuliko wako. Matundu yajazwe, yatobolewe upya.

Kujaza ni kazi ya rezini, na Mombasa ina mafundi wa boti za faiba wanaoijua. Kwa tufe la kuchezea burudani mkono wao unatosha, mradi waambiwe mambo mawili: tufe lielekezwe tundu lisimame wima ili mapovu yapande, na rezini imiminwe kwa tabaka, si yote kwa mara moja. Rezini inapoganda hutoa joto, kwenye tundu refu joto hilo hukosa pa kutokea, na hewa ya hapa huliharakisha, kwa hiyo kichocheo cha kugandisha kipunguzwe. Kwa mashindano ni habari nyingine. United States Bowling Congress, chama cha mchezo huu cha Marekani ambacho kanuni zake hufuatwa na wengi, kinaruhusu matundu ya kushikia yasiyozidi matano, na tangu tarehe 1 Agosti 2020 kimepiga marufuku lile tundu la ziada la kusawazisha uzito. Tufe la mtumba lenye tundu la nne ambalo hakuna kidole kinachoingia limetobolewa kwa kanuni za zamani, na lazima lizibwe kabla ya kupelekwa mashindanoni.

Ufa kati ya matundu mawili ya vidole. Daraja hilo huachwa na unene wa milimita 6 hadi 9 hivi. Likiwa jembamba zaidi, hupasuka. Hata lililo sawa hupasuka tufe likiachwa kwenye buti ya gari iliyoegeshwa juani, likapoa ghafla kwenye ukumbi wenye kiyoyozi, siku baada ya siku. Lihifadhi ndani ya nyumba, sakafuni, mbali na dirisha. Ufa mfupi wa juu juu huzibwa kwa rezini na kusuguliwa. Ukishaunganisha matundu, yajazwe yote na yatobolewe upya, au tufe lipumzishwe. Kipande kikimeguka ndani ya mashine inayorudisha matufe, mwenye ukumbi atakuletea hesabu yake.